Pembe ya Nne ya Shamba la Bukuru

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi kabla hajatokea mtu wa kuipima kwa kamba, na anayekijua kila kilichozikwa ndani yake, kiwe mfupa, kiwe mbegu, kiwe kipande cha mkaa. Namshukuru kwa kuniacha hai mpaka nikaweza kulitamka kwa mdomo wangu jambo nililolinyamazia tangu nikiwa mke kijana hapa Rumonge. Wengi wa umri wangu waliondoka na ya kwao kifuani. Mimi nimepewa muda, na muda ni riziki.

Mwaka juzi, wakati wa kiangazi, nilikuwa nimemaliza sala ya alasiri na bado nimekaa juu ya mkeka, nikasikia mtu anapiga hodi. Mlangoni alisimama mwanamke mwenye mvi, kajifunga kitenge cha bluu, mkononi mfuko wa nailoni. Akasema, "Shikamoo, bibi." Hapa kwetu salamu hiyo haitumiki sana, nikajua ametoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma. Nikamkaribisha. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu ambaye hajui kama ataruhusiwa kubaki. "Namtafuta Mwajuma, mke wa fundi Ramazani. Vijana wa pale kwenye kona wameniambia niulize kwa Mama Makengeza." Nikamwambia huyo ndiye mimi. Akanitazama usoni, kwanza jicho moja, kisha la pili. "Mbona macho yako yamenyooka?" Nikacheka, kwa sababu kwa miaka mingi hakuna mtu aliyewahi kuuliza. Naye hakucheka. Alisema, "Mimi ni Nahimana, binti wa Bukuru. Baba alifariki huko. Aliniambia, ukifika Rumonge usianze kwa wakubwa, muulize Mwajuma." Kicheko changu kikakatika, nikaona mkeka, kuta na birika la chai vyote vimesogea mbali nami. Nilikuwa nimemngoja Bukuru zaidi ya miaka thelathini, na zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimeogopa asije akarudi.

Bukuru alikuwa jirani yetu wa shamba. Yeye alikuwa Mkristo, sisi Waislamu wa mtaa wa Waswahili, na mashamba yetu ya michikichi yaligusana kwenye uwanda, kati ya barabara na milima. Mpaka wetu ulikuwa ua wa minyari, ile miti yenye utomvu mweupe kama maziwa. Lakini kila mtu mzima alijua kwamba ua si mpaka, maana ua unaweza kung'olewa na kupandwa pengine. Mpaka wenyewe ulikuwa chini ya ardhi. Zamani, baba yake Bukuru na baba mkwe wangu walipogawana, walichukua chungu kimoja wakakivunja mbele ya mashahidi, wakachimba shimo la urefu wa mkono kwenye kila pembe ya shamba la Bukuru, na katika kila shimo wakatia kipande cha chungu kile na mkaa. Mkaa hauozi, hauoti, hauliwi na mchwa. Na vipande vya chungu kimoja vinajuana hata vikitengana kwa miaka mia. Mwaka wa uhuru, nilipokuwa bado msichana, tuliimba barabarani kwamba ardhi imerudi kwa wenyewe. Hatukujua ni mara ngapi itaondoka tena.

Mauaji ya 1972 sitayaeleza. Wanaoyajua wanayajua, na asiyeyajua aombe Mungu yasimfikie. Nitasema tu kwamba kulikuwa na siku ambazo tulipika bila moshi, na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, zilikauka juu ya mchanga mpaka zikawa vumbi kwa sababu hakukuwa na wa kuzianua. Katika siku hizo Bukuru alikuja alfajiri, mkewe nyuma yake, na mtoto mdogo amefungwa mgongoni mwa mama yake. Mtoto huyo ndiye Nahimana. Bukuru hakuingia ndani. Aliniita kwa sababu mume wangu alikuwa amejificha, na kwa sababu nilikuwa nimehifadhi masomo ya dini tangu utotoni.

"Mwajuma, dada, miye navuka," alisema. "Weye uko na kichwa ya darasa, unashika kitu bila kuandika. Kuya nikuonyeshe pembe nne."

Nikamwambia ningechukua kalamu.

"Usiandike! Mwaka hii karatasi iko inauwa batu."

Tulitembea tumeinama chini ya michikichi. Pembe ya kwanza ilikuwa karibu na njia, hatua tatu kutoka kwenye jiwe la kufulia. Ya pili, kwenye kijito. Ya tatu, upande wa chini wa kichuguu. Ya nne ilikuwa kwetu, pale mashamba yalipogusana, nyuma ya banda letu la kukamulia mawese. Alinirudisha tena mara ya pili na kunisikiliza nikizitaja, kama mwalimu anavyomsikiliza mwanafunzi. Kisha akanishika mkono. "Hii ni amana. Miye nikikufa, kuko huyu mutoto." Walishuka ziwani. Sikumwona tena.

Mwaka uliofuata ndio mwaka wangu, ule ambao hata leo nikifumba macho naingia ndani yake kama mtu anayeingia chumba chake mwenyewe. Tuliitwa kwenye uwanja, tukaambiwa kwamba ardhi yote ya uwanda sasa ni ya taifa. Nyua zote zing'olewe. Michikichi ya zamani, ile mirefu ya kupandwa kwa kamba ya kiunoni, ikatwe. Patapandwa aina mpya, fupi, kwa mistari, na chini yake pasilimwe muhogo wala maharage. Mashine za nyumbani za kukamulia mawese zipelekwe serikalini, maana mikungu yote itakwenda kiwandani. Mashamba ya waliovuka yatapewa watu watakaoletwa kutoka milimani. Mzee mmoja aliuliza, "Na mwenyewe akirudi?" Akajibiwa, "Mwenyewe ni nani? Mwenyewe ni yule anayelima." Watu walipiga makofi. Mwaka ule tulipiga makofi kwa kila kitu.

Aliyeletwa kupima alikuwa kijana mrefu, mwenye soksi nyeupe, bwana shamba tuliyemwita Monitere. Alikuwa amesoma kilimo mbali sana, katika nchi moja ya wakomunisti yenye theluji. Tuliamriwa kumpa chumba chetu cha nyuma, kile ambacho mume wangu alikitumia kwa cherehani. Alikula kwetu. Nilimpikia bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, na kwa muda mawese yalipokuwa bado yapo chakula kilikuwa chekundu na chenye harufu nzuri. Hakuwa mtu mbaya, na ninamwombea. Alipokula alipenda kutusimulia. "Kule, fundi Ramazani, shamba haina jina ya mutu. Unatembea siku nzima, mustari moja tu, mpaka jua inalala. Hakuna ya fulani, hakuna ya fulani." Mume wangu alikuwa mpole lakini ulimi wake ulikuwa na ncha kama sindano yake. Akauliza, "Na sasa njaa ikiingia kule, inaingia kwa nani?" Monitere akacheka mpaka akapaliwa na sombe.

Wanaume walikuwa wachache mwaka ule, na ndiyo sababu wanawake tulishika kamba. Ilikuwa kamba ndefu ya katani, na kila baada ya hatua kumi ilifungwa kitambaa chekundu. Wawili walishika ncha, mimi nilipita katikati nikichomeka kijiti penye kila kitambaa, na nyuma yangu walikuja wachimbaji wa mashimo. Minyari ilikuwa imeng'olewa na kurundikwa, utomvu wake ukituwasha macho. Michikichi ya zamani ililala chini kila upande, na visiki vilitoa utomvu uliochacha hewani. Kwa siku nyingi uwanda mzima ulinuka pombe, na mimi, nisiyewahi kuionja, nilirudi nyumbani kichwa kikizunguka. Watu walikula mioyo ya michikichi, nyeupe na laini. Ilikuwa tamu. Tulikula tukijua kwamba anayekula moyo wa mchikichi hatakula tena matunda yake.

Tulipofika shamba la Bukuru, nilikuwa nimeshaamua la kufanya. Kwenye pembe ya kwanza, hatua tatu kutoka jiwe la kufulia, nilichomeka kijiti hatua moja nje ya mstari, kando tu ya mahali nilipojua pana mkaa. Nilifikiri, ua wameng'oa, mti utabaki. Mchikichi uliopinda utakuwa shahidi. Monitere alisimama nyuma, akafumba jicho moja, akapiga kelele, "Mwajuma! Macho yako iko na makengeza? Mustari ni mustari!" Wachimbaji walikuwa wameshaanza shimo, naye alikuwa na haraka, akaacha. Kwenye kijito nikafanya vilevile. Kwenye kichuguu vilevile. Wanawake waliokuwa ncha za kamba walicheka mpaka wakakaa chini. "Huyu Mama Makengeza!" "Mumewe alimuona na jicho gani?" "Akipika chai anamimina kwa jirani!" Nilivumilia kwa furaha. Kila kicheko kilikuwa kama muhuri juu ya amana ya Bukuru, nami nilitembea nikijiona mwaminifu kuliko watu wote wa Rumonge. Mungu anisamehe, hapo ndipo nilipoteleza.

Siku iliyotangulia pembe ya nne nilikuwa jikoni, mchana, nikichambua maharage. Ukuta kati ya jiko na chumba cha nyuma ulikuwa wa matete, na Monitere alikuwa na mgeni, bwana mmoja wa ofisini. Sikukusudia kusikiliza. Mgeni aliuliza, "Hii ya yule mukimbizi tunapatia nani?"

"Kuko kijana ya mulimani, Deo, wa Bugarama. Mukono yake iko ya kazi."

"Na mupaka na fundi?"

"Kamba itasema. Nikinyoosha kutoka barabarani, mustari inaingia ndani ya Bukuru. Ile inabaki huku inakuwa ya fundi. Mistari mbili hivi."

"Fundi atafurahi."

"Nani atauliza? Mwenyewe amevuka."

Maharage yaliacha kudondoka kwenye sufuria. Nilikuwa na mimba ya miezi sita. Mashine yetu ya kukamulia ilikuwa imekwishachukuliwa. Niliiona imetupwa kwenye uwanja pamoja na nyingine, zinaota kutu kwenye mvua. Michikichi yetu yote ilikuwa imelala chini, na mipya ingezaa baada ya miaka. Nikajiambia maneno ambayo kila mwizi anajiambia: kama litachukuliwa lote na mtu wa mbali, mistari miwili kubaki kwa jirani ni kosa gani? Bukuru mwenyewe angependelea. Nitamtunzia.

Kesho yake, nyuma ya banda letu tupu, kitambaa chekundu kilianguka mahali pake, nami nilichomeka kijiti pale pale penye kitambaa. Pembe ya nne ilibaki upande wetu, bila mti, bila alama. Monitere akafumba jicho, akatazama, akapiga makofi. "Eh! Leo ameona! Makengeza imepona!" Wanawake wakapiga vigelegele. Kwa mambo yote niliyofanya mwaka ule, nilisifiwa mara moja tu, na ilikuwa kwa hilo.

Mume wangu alijua bila kuambiwa. Tulipokuwa tunakula, bugali na ndagala chache bila mafuta, aliniuliza polepole, "Bukuru akirudi utamwangaliaje?"

"Akirudi nitamrudishia."

"Na asiporudi?"

Nikainuka kukusanya sahani. Aliosha mikono akatoka. Hakuniuliza tena mpaka Mungu alipomchukua.

Sitasema uongo kuhusu mipango ile. Michikichi mipya ilizaa, na ilizaa sana, mikungu mizito kuliko ya zamani. Lakini kabla haijazaa kulikuwa na miaka ya kungoja, na tumbo halijui kungoja. Deo aliletwa akiwa kijana mwembamba na mkewe, wakajenga katikati ya shamba la Bukuru. Mkewe alipanda muhogo kati ya mistari, kwa sababu watoto hawali vijiti. Watu wa serikali walipita wakaung'oa, wakauacha umelala juani ili wengine waone. Nilimpelekea unga. Alinipokea kwa mikono miwili, "Murakoze, mama," nami nikaona aibu, maana alinishukuru kwa wema huku nimeshika mistari ya Bukuru, mtu ambaye wao walipewa shamba lake. Baadaye mikungu ilipoanza kukatwa, lori la kiwanda lilichelewa, siku mbili, siku tano, na ngazi, yaani chikichi, zilioza kando ya barabara kutoka hapa kuelekea Minago, nzi juu yake kama blanketi. Watu waliokuwa wakigawiana mawese kwa vibuyu walinunua mafuta ya chupa dukani. Kisha serikali zikabadilika, amri zikasahaulika, mashine za nyumbani zikarudi. Na mistari miwili ilinilisha mimi. Ilisomesha watoto wangu. Pale penye pembe ya nne nilijenga jiko langu jipya karibu, na nikapafanya mahali pa kumwagia majivu, ili mtu asilime pale. Kila asubuhi nilimwaga majivu juu ya mkaa.

Haya yote sikumwambia Nahimana siku ile ya kwanza. Nilimpa chai. Alinieleza jinsi walivyopangwa huko ng'ambo katika kijiji cha wakimbizi, nyumba kwa mistari, mashamba kwa mistari, na baba yake alizoea kusema, "Hata huku wametupima kwa kamba, lakini Mwajuma anazo pembe zangu." Kila jioni ya maisha yake, alisema, mzee alimtajia binti yake jiwe la kufulia, kijito, kichuguu. Ya nne alisema tu, "Ya nne iko kwa Mwajuma, haina shida."

Siku ya Jumatano tulikwenda shambani na wazee wanne wa mtaa. Deo alitoka nje ya nyumba yake akiwa na kofia mkononi. Siku hizi ni mzee, mguu mmoja unamsumbua, na mkewe, yule wa muhogo, amezikwa chini ya mparachichi nyuma ya nyumba. "Amahoro," alitusalimu. Kisha kwa sauti ndogo, "Miye niliambiwa hii shamba haina mwenyewe. Sikuiba." Nahimana akamjibu, "Najua, mzee." Nikawapeleka kwenye mchikichi wa kwanza uliopinda. Ulikuwa umezeeka, mrefu, bado hatua moja nje ya wenzake, na mmoja wa wazee akasema, "Kumbe! Na tulicheka sisi." Walichimba. Kati ya mizizi ukatoka mkaa, mweusi kama uliozimwa jana, na kipande cha chungu. Kwenye kijito vilevile. Kwenye kichuguu vilevile. Nahimana aliweka vipande vitatu kwenye kitenge chake, na watu walianza kunisifu. "Mama Makengeza, uliona mbali!" Mzee mmoja akanyoosha fimbo kwenye mstari ulionyooka kati ya Deo na mimi. "Ya nne basi itakuwa hapa. Tuchimbe tumalize, jua iko kali."

Nilijua wangechimba pale wasikute kitu. Wangesema umeoza, umechimbuliwa na panya, basi, tatu zinatosha. Nilijua pia kwamba hii ndiyo mara ya pili ninasifiwa.

Nikasema, "Hapana. Hapo hakuna kitu. Ya nne iko kwangu." Nikawapita, nikaingia uwanjani kwangu, nikachukua jembe mwenyewe. Wajukuu walinikimbilia, nikawakataza. Nilichimba jalala la majivu mbele yao, magoti yakiniuma, vumbi la kijivu likinipanda usoni, hadi kipande cha chungu kilipolia dhidi ya chuma. Nilikifuta kwa kanga yangu nikampa Nahimana. Alipiga magoti akakiunganisha na vile vitatu. Mdomo wa chungu ukatokea, mduara, na tundu moja la ukubwa wa kidole gumba ambalo kipande chake hakuna anayejua kilipo.

Nahimana aliuliza, "Baba alijua?"

"Hapana."

"Umekula mistari hii miaka yote?"

"Nimekula."

Alitazama michikichi yangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka barabarani. Nilikuwa nimeandaa chakula kwa ajili ya wote, bugali, samaki wa mikeke na maharage yenye mawese. Wazee walikula. Deo alikula kidogo. Nahimana aliosha mikono, akakaa, hakunyoosha mkono kwenye sahani. "Leo hapana, bibi," alisema. Sikumlaumu. Nilikula mbele yake, na chakula kile nilikitafuna kama mchanga.

Wazee walikaa barazani siku kadhaa. Mistari miwili ilirudi kwa Nahimana, na hilo halikuhitaji mjadala. Kwa sababu ilikuwapo, alipata mahali pa kujenga bila kumfukuza mtu, naye akasema mwenyewe kwamba Deo asihame, kaburi la mkewe lisihame, wagawane kilichobaki. Deo alilia kwa sauti kama mtoto. Mimi nilifikiri, Mola anaweza kukitumia hata kilichofichwa na mwizi, lakini nisijifariji kwa hilo. Kosa ni kosa hata likizaa.

Miezi ilipita. Nahimana alinisalimu njiani, kwa heshima, kwa umbali. Halafu siku moja, baada ya sala ya alasiri, saa ile ile, hodi. Nahimana alikuwa na chupa mkononi, mawese mapya, bado ya moto, mekundu kama jua la kiangazi. Alikuwa amekamua mikungu yake ya kwanza kutoka kwenye mistari ile miwili. Aliketi chini juu ya mkeka wangu, si kwenye kiti. Akaomba sahani, akaomba kipande cha muhogo uliochemshwa, akachovya, akaninyooshea.

"Onja," alisema. "Sasa nakupa mimi."

Nikala kutoka mkononi mwake. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, mafuta ya mistari ile yalinipita kooni bila kugoma.

Ewe unayesoma, Mungu akupe ardhi ya kukutosha na jirani wa kuaminika. Ukipewa amana, akupe nguvu ya kuibeba hadi pembe ya mwisho. Na ukiteleza kama nilivyoteleza, akuache hai mpaka umpate wa kumrudishia, na huyo wa kumrudishia akunyooshee mkono. Amina.